Wimbo wa Pasi

Besi halipandi ngazi lenyewe. Ni zeze kubwa kuliko mtu, lina shingo ndefu, tumbo kubwa na maringo ya bibi harusi, na kila ngazi linataka kubembelezwa. Dada Kamba alikuwa ameshalibembeleza ngazi thelathini na mbili. Zilibaki kumi na sita kufika studio, jasho linamtiririka mgongoni, na maneno ya mama yake bado yanamwasha masikioni.

Maana asubuhi ile mama alikuwa amesimama katikati ya chumba cha mbele, pasi mkononi, mashati ya watu yamemzunguka kama wageni waliokosa viti. Mama alikuwa dobi. Alikuwa dobi kabla Dada Kamba hajazaliwa.

"Leo tena unatoka na hilo kabati?" mama akauliza.

"Ni besi, mama."

"Najua ni besi. Miaka sita nasogeza miguu ili lipite, nitaachaje kujua?" Akapitisha pasi kwenye kola, shwaa. "Ila mwanangu, nikuulize kitu usikasirike. Zile rekodi zenu mbili nimezisikiliza. Nimekaa hapa, nimefunga mlango, nimesikiliza. Wewe uko wapi humo?"

"Mama, niko chini. Besi linakaa chini."

"Chini wapi? Mimi nasikia tarumbeta la yule bwana linalia kama limefiwa..."

"Saksafoni."

"Haya, hilo. Nasikia piano. Nasikia sahani zinavunjika. Halafu kwa mbali nasikia kama mtu anasogeza meza chumba cha pili. Ndiyo wewe huyo?"

Dada Kamba akalinyanyua besi. Ukweli ukisemwa na mama yako hauna pa kuupitisha, unaumeza tu.

Sasa, mama hakujua jambo moja. Dada Kamba alikuwa na wimbo. Wimbo wenyewe ulikuwa wa mama, ila mama hakujua kama ni wimbo. Ulikuwa ule mguno wake anapopiga pasi: unapanda pasi inapopanda mkono wa shati, unatulia kwenye bega, kisha unashuka. Dada Kamba aliusikia akiwa mtoto anayelala chini ya ile meza ya kupigia pasi, juu ya vitambaa vya moto. Alipokua akautia kwenye kamba nne za besi, akaunyoosha, akampelekea kiongozi wa bendi.

Kiongozi akausikiliza amefumba macho. Akasema, "Mzuri. Tutauweka kwenye rekodi."

Rekodi ya kwanza ikatoka, wimbo haumo. "Ijayo, dada." Ya pili ikatoka, wimbo haumo. "Dakika ziliisha, dada, lakini ijayo Mungu akipenda." Ahadi juu ya ahadi, kama mashati ya mama yanayosubiri zamu. Hii ya leo ilikuwa rekodi ya tatu. Na Dada Kamba alikuwa ameapa, hakumwambia mtu ila besi lenyewe: leo wimbo usipoingia, analishusha hizi ngazi arobaini na nane na halitapanda tena. Atarudi kwenye kazi yake ya zamani ya posta, apange vifurushi mpaka azeeke.

Alipoufungua mlango wa studio kwa kiwiko, mpiga dramu alikuwa ameshafika, anakaza skrubu za ngoma zake. Watu walimwita Sahani. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kinyozi, na mikono yake haikujua kutulia, hata kwenye mazungumzo ilikuwa inanyoa hewa.

"Dada! Umekuja na mume wako?"

"Angekuwa mume angejibeba."

"Hapo umekosea. Mimi niko kwenye ndoa, nakwambia, hakuna anayebebwa na mwenzake kama mume."

Mpiga piano akacheka kimyakimya pembeni. Yeye aliitwa Mwalimu kwa sababu alikuwa mwalimu kweli, wa hesabu, shule ya msingi. Mtu mpole, chaki haimtoki kwenye vidole. Ukimsemesha anageuza kichwa chote kukuangalia, na watu walimsifu kwa hilo, wakisema ndiyo adabu.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa kioo. Huku wanamuziki, magodoro yamegongomelewa ukutani yale ya milia, moja bado lina doa la chai. Kule nyuma ya kioo Fundi na mitambo yake. Na kwenye kona ya huku, friji kuukuu lenye mlango usiofunga vizuri, likinguruma kama mzee aliyelala chali. Kila mara kabla ya kurekodi Fundi alilichomoa, kisha akaweka funguo za nyumbani kwake ndani ya friji. Ukimuuliza kwa nini, alisema, "Nikiondoka bila kulichomeka tena, nitafika mlangoni kwangu sina funguo. Akili yangu siiamini. Funguo naziamini."

Saa tatu na nusu kiongozi akaingia na saksafoni mgongoni. Walimwita Mkuu. Mwembamba, koti lake kubwa kumzidi, macho hayalali. Mtu mkorofi? Hapana. Ungemchukia kwa urahisi kama angekuwa mkorofi. Tatizo lake lilikuwa kitu kipya. Kila siku anataka kitu kipya. Wimbo akishauzoea anaukimbia kama deni.

Na alikuwa na mtindo wake. Kabla ya kila kurekodi, alizunguka kwa kila mwanamuziki, akainama, akamnong'oneza sikioni agizo moja. Kila mtu lake. Na ilikuwa mwiko kumwambia mwenzako. Huyu anaambiwa, "Cheza kama umevaa kiatu kimoja." Yule anaambiwa, "Ukifika katikati, nyamaza uhesabu saba." Halafu anahesabu, moja, mbili, na mnaanza, kila mmoja na siri yake, mnagongana gizani mpaka mpate njia. Watu waliozipenda rekodi zao walizipenda kwa hilo. Walisema inasikika kama watu wanaogombana nyumba moja halafu wanapatana bila kuombana radhi.

Ni kweli ilisikika hivyo. Lakini anayegombana hajui kama inapendeza.

Nyimbo nne za Mkuu zikapita. Saa tisa na nusu alasiri wakafika kwenye wimbo wa Dada Kamba. Saa kumi na moja kamili studio ilikuwa ya watu wa tangazo la sabuni, hakuna kuongeza hata dakika.

Mkuu akazunguka. Kwa Sahani. Kwa Mwalimu, akainama kushoto kwake, Mwalimu akaitikia kwa kichwa polepole kama anayepokea siri ya serikali. Akaja kwa Dada Kamba.

"Usiguse kamba nene," akanong'ona.

Dada Kamba akamwangalia. Wimbo wote unaanzia kwenye kamba nene! Bila kamba nene ni kumwambia mtu atabasamu bila meno ya mbele. Lakini akatii. Alikuwa mtu wa kutii, hiyo ndiyo sifa yake, na kama mtu angemuuliza kwa nini, angesema bila utii bendi ni soko. Wakaanza. Wimbo ukatoka kibogoyo, ukajikokota dakika mbili, ukafia njiani.

"Tena," akasema Mkuu.

Mara ya pili akanong'onezwa, "Kila noti ichelewe kidogo." Akachelewesha. Sahani akakimbia mbele kama aliyeacha jiko linawaka. Wakaachana, hawakuonana tena mpaka mwisho.

"Tena."

Mara ya tatu, "Noti moja tu, mpaka nikutazame." Akakaa kwenye noti moja. Vidole vinaungua, dum, dum, dum, anasubiri kutazamwa. Mkuu akafumba macho, akapuliza saksafoni dakika nne nzima, akapanda, akashuka, akazunguka nyumba, akarudi kwa mlango wa nyuma. Hakumtazama. Wimbo wa mama ulikuwa chini kule umelaliwa, haupumui.

Dada Kamba akaliacha besi liegemee kiti.

"Mkuu, samahani. Huu wimbo usitunong'onezee. Tuucheze tu kama ulivyo. Mara moja."

"Kama ulivyo?" Mkuu akashangaa kwelikweli. "Dada, kama ulivyo tayari upo. Unaujua, naujua. Tunarekodi ili nini sasa? Nikijua mapema kitakachotokea, si bora nibaki kwangu nilale?"

"Lakini hausikiki! Mara tatu umepotea!"

"Kupotea ndiyo safari yenyewe."

"Safari yako. Mimi nina miaka sita niko stendi!"

Sahani akapiga sahani moja, tsss, kama mtu anayemwaga maji kwenye makaa. Hakucheka mtu. Mkuu akatazama saa yake, akasema, "Tupumzike. Tukirudi tuna nafasi moja. Ikikataa, tutauweka kwenye rekodi ijayo."

Ijayo! Neno hilo likamchoma kuliko pasi. Akaenda kwenye friji apoze koo, akafungua, akakuta funguo za Fundi zimelala juu ya chupa ya maji, na maji yenyewe vuguvugu kama ya kuogea mtoto. Hata maji! Akafyonza, akashika plagi akaichomeka ukutani kwa hasira, friji likashtuka na kuanza kunguruma, naye akatoka nje kwenye ngazi na chupa yake ya vuguvugu.

Mwalimu alikuwa amekaa ngazi ya tatu, anakula ndizi. Dada Kamba akamsogelea.

"Pole, dada. Wimbo wako mzuri. Mimi kila tukiucheza naupenda."

"Asante, Mwalimu. Lakini niambie. Wewe unafanyaje? Miaka yote hii Mkuu anakusifu. 'Tazameni Mwalimu anavyobeba agizo.' Mimi nikibeba naanguka nalo. Wewe anakwambia nini hata?"

"Ni mwiko kusema."

"Mwiko uende zake."

Mwalimu akatafuna polepole. Akatazama juu mlangoni, akatazama chini. Kisha akageuza kichwa chote, kama kawaida yake.

"Sijui anasema nini."

"Hujui kivipi?"

"Sikio la kushoto halisikii. Tangu nikiwa darasa la pili. Na kwa vile piano inavyokaa, yeye hunijia kushoto." Akakunja ganda la ndizi mara mbili, kwa unadhifu wa mtu wa hesabu. "Siku ya kwanza niliona aibu kumwambia. Nikaitikia kwa kichwa tu. Akasifu. Ya pili nikaitikia. Sasa miaka sita, dada, nitaanzia wapi?"

Dada Kamba akakaa.

"Kwa hiyo unacheza unavyotaka."

"Ninavyosikia. Kwa sikio la kulia."

Mlango ukafunguliwa, Sahani akatoka anajipepea na kitambaa. "Nini, mbona mmenuna kama mko foleni ya hospitali?"

"Sahani," Dada Kamba akasema, "wewe Mkuu akikunong'oneza, unafuata?"

"Nafuata, nafuata sana." Akafikiri. "Mpaka anapohesabu mbili. Akifika tatu nimeshasahau. Kwani wewe unakumbuka?"

Kama anakumbuka? Alikuwa anayakumbuka yote! Kiatu kimoja, hesabu saba, usiguse, chelewesha, subiri utazamwe. Miaka sita vidole vyake vimeota sugu kwa utii. Alidhani wote wamefungwa kamba ile ile na yeye ndiye dhaifu. Kumbe wenzake wako huru wanacheza uwanjani, aliyefungwa ni yeye peke yake, na kamba ameishika mwenyewe. Alitaka kucheka, alitaka kurusha chupa. Mwisho akafanya la kipuuzi: akayanywa yale maji vuguvugu yote kwa mkupuo.

Fundi naye alikuwa ametoka kusikiliza mazungumzo, maana masikio ya fundi wa sauti hayajui mipaka. Akasimama pale mlangoni amejishika mdomo, mabega yanatikisika. "Sikio la kushoto!" akawa anarudia. "Jamani, sikio la kushoto!" Mpaka Mkuu akaita kutoka ndani, "Saa kumi na nusu! Watu wa sabuni wako njiani!" na wote wakakimbilia ndani wanasukumana, Fundi nyuma ya kioo chake, hakuna aliyetazama kona.

Mkuu akazunguka. Akamnong'oneza Sahani. Akainama kushoto kwa Mwalimu, Mwalimu akaitikia kwa kichwa kwa heshima zote, na Dada Kamba ikabidi aangalie dari asije akapasuka. Kisha Mkuu akaja kwake, akainama.

Dada Kamba akarudi nyuma hatua moja. Shingo ya besi ikarudi naye.

"Sema kwa sauti, Mkuu. Wote tusikie."

Mkuu akabaki ameinama vilevile, mdomo wazi, kama mtu aliyetaka kubusu mkono akakuta mkono haupo.

"Haisemwi kwa sauti, dada."

"Basi isisemwe."

Wakatazamana. Mkuu akanyoosha mgongo, akatazama saa, akarudi kwenye maiki yake. "Moja," akahesabu, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Mbili."

Dada Kamba akagusa kamba nene.

Hakuanza na nguvu. Alianza kama mama anavyoanza, pasi ikiwa bado haijashika moto vizuri. Wimbo ukapanda mkono wa shati. Mwalimu akausikia kwa sikio lake la kulia, akaupangia chini yake noti tatu tu, kama mtu anayekushikia ngazi usianguke. Sahani akaacha fimbo, akatumia viganja, shwaa, shwaa, juu ya ngozi. Mkuu hakupuliza. Akasubiri, akasubiri, na alipoingia aliingia chini, taratibu, kama mgeni aliyevua viatu. Dakika tano. Mwishoni Dada Kamba akaupandisha wimbo juu, akauacha ukining'inia hapo.

"Usicheze tena," Mwalimu akasema kwa sauti ndogo. "Huu ndio."

Fundi akarudisha mwanzo wasikilize. Saa kumi na moja kasoro kumi. Kwenye ngazi tayari zilisikika sauti za watu wa sabuni. Spika zikafunguka, na kabla ya besi, kabla ya chochote, kukawa na kitu kingine. Mmmmmm.

Fundi akasogeza kitufe. Mmmmmm.

"Nini hicho?" Sahani akauliza.

Wote wakageuka kwenye kona. Friji lilikuwa linanguruma, raha mustarehe. Fundi akashika kichwa. "Nililichomoa! Wallahi nililichomoa, funguo zimo ndani!"

Dada Kamba akageuka kutazama ukuta. Aliikumbuka plagi. Aliukumbuka mkono wenyewe ulioichomeka, kidole hiki na hiki. Miaka sita anasubiri dakika tano, na dakika tano zenyewe amezitia mchanga kwa mkono wake. Angemlaumu nani? Hapakuwa na wa kulaumiwa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Ni mimi," akasema. "Nilitaka maji ya baridi."

Mkuu alikuwa ameinamisha kichwa kwenye spika, amefumba macho. Besi likaingia juu ya ule mngurumo, na kumbe mngurumo ulikaa chini yake sawasawa, kama sakafu. Ukaenda nao mpaka mwisho. Mkuu akafumbua macho, yanameta.

"Dada!" akasema. "Dada, kitu gani hiki! Friji! Hakuna aliyelinong'oneza, limeingia lenyewe! Kipya hiki! Miaka sita ulikuwa umejificha wapi wewe?"

"Nilikuwa hapa. Nacheza besi."

"Hapana, hapana, sisemi besi. Nasema friji! Wazo hilo la friji!" Akampiga Fundi begani. "Usilifute. Liache. Huu unafungua rekodi. Ndio wa kwanza! Na jina lake tunaandika 'Friji'."

Dada Kamba akahisi machozi ya hasira yanapanda. Ameuvunjia mgongo wimbo ule, ameubeba ngazi zote zile, na siku unaposifiwa, anasifiwa kwa kuchomeka plagi.

"Unaitwa 'Pasi'," akasema.

"Pasi? Lakini kinachosikika ni fri..."

"Pasi, Mkuu. Nimesema kwa sauti, na wote wamesikia."

"Mimi nimesikia," akasema Mwalimu, na akageuza kichwa chote kumtazama Mkuu. "Na mimi sio mtu wa kusikia sana."

Sahani akaangukia dramu zake kwa kicheko. Mkuu akawatazama mmoja mmoja asielewe, na watu wa sabuni wakagonga mlango. Akachukua kalamu. Akaandika "Pasi".

Jioni Dada Kamba akafika nyumbani, akalisimamisha besi pembeni, na nakala aliyopewa na Fundi akaiweka kwenye mashine ya kusikilizia. Mama aliendelea na kazi, shati la mwisho la siku. Mmmmmm, ikaanza.

"Friji la nani hilo?" mama akauliza.

"Sikiliza, mama."

Besi likaingia. Mkono wa mama ukapunguza mwendo. Ukapanda mkono wa shati, ukatulia begani. Kisha akaisimamisha pasi wima, na hilo halikuwahi kutokea shati likiwa mezani. Wimbo ukapanda mwishoni, ukaachwa unaning'inia.

"Huyo ni wewe," mama akasema. "Leo nimekusikia."

"Ndiyo, mama."

"Na huo ni wangu."

"Ndiyo."

Mama akakunja uso, uso ule wa kuangalia kola aliyopiga mtu mwingine.

"Ila mwisho umekosea. Mimi hapo sipandi. Nashuka. Na baada ya hapo kuna kipande kingine, mbona hukukiweka?"

Dada Kamba alimwangalia mama yake. Miaka sita. Ngazi arobaini na nane. Akavuta pumzi ndefu kama anayetaka kupiga kelele, halafu akafungua zipu ya mfuko wa besi, akaliegemeza begani, akagusa kamba nene.

"Haya," akasema. "Kipande gani?"

"Subiri," mama akasema, akachukua shati jingine. "Bila shati sikumbuki."